Waliponyamaza Kimbwetani

Ilikuwa Alhamisi, saa moja na nusu usiku. Nilikuwa nimefunga ofisi, nashuka kituoni kuwahi daladala. Njia yangu inapita kwenye vimbweta, zile meza za zege wanakokaa wanafunzi kujisomea, na kwenye kile cha nne, kilicho chini ya mwembe, vijana sita walikuwa wanabishana kwa sauti ya watu waliosahau kama kuna wapita njia. Niliitambua mada kabla sijazitambua sura. Walikuwa wanauchambua mhadhara wangu wa asubuhi, wa Operesheni Vijiji, ile kampeni ya serikali ya miaka ya sabini ya kuwahamishia watu wa mashambani kwenye vijiji.

"Umesema nia ilikuwa njema. Sawa. Nia njema ndiyo inachoma nyumba ya mtu?"

"Subiri kwanza. Shule na zahanati ungejenga wapi, wakati kila mtu anaishi kivyake, huyu bondeni, yule mlimani?"

"Haya, niambie. Kilichotangulia kufika ni nini, shule au malori?"

Nikasimama gizani. Somo hilo nimelifundisha miaka kumi na moja, na swali hilo sijawahi kuulizwa darasani. Asubuhi ya siku ile ile, mbele ya wanafunzi zaidi ya mia sita, nilikuwa nimemaliza kwa kuuliza kama kuna mwenye swali. Nikahesabu moyoni mpaka kumi, nikakusanya karatasi zangu.

Nikawasogelea. Mmoja akaniona, akamgusa mwenzake begani, na ubishi ukakatika katikati ya neno. Wote sita wakasimama.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Kaeni, endeleeni."

Hawakuendelea.

## Ukimya nilipanda nao daladala

Ukimya wa darasani nimeuzoea. Huu wa kimbwetani uliniuma kwa wiki kadhaa kwa sababu niliuleta mimi. Kabla sijafika, pale palikuwa na chuo kikuu. Nilipofika wakabaki wanafunzi sita na mwajiriwa mmoja.

Sababu ya kwanza niliyoishika ilikuwa lugha. Mhadhara ninautoa kwa Kiingereza, kama utaratibu unavyotaka, na wao walikuwa wanabishana kwa Kiswahili. Darasani mtu anafikiri mara mbili kwa wakati mmoja: anafikiri kuhusu vijiji, na papo hapo anafikiri kitenzi kikae katika wakati gani. Akija kuipata sentensi yake imenyooka, mimi nimeshafika kumi, naufunga mkoba. Kijana asiyetoa maneno matatu saa nne asubuhi, usiku ni wakili kamili.

Nilijitetea kwamba utaratibu huo sikuuweka mimi. Ni kweli. Lakini pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kiswahili kinafundishwa kwa Kiswahili tangu idara yake ilipoanzishwa mwaka 1970, na leo watu wanaandika tasnifu za uzamivu kwa lugha hiyo hiyo. Kwa hiyo kufikiri kwa kina kwa Kiswahili ndani ya chuo kikuu si ndoto ya mtu. Kunafanyika, ila kumefungiwa mlango mmoja.

Hata hivyo lugha haikutosha kueleza yote. Mimi vijana wale niliwasemesha kwa Kiswahili, na bado walinyamaza.

Nikahamia kwenye heshima. Labda ni shikamoo. Labda mtu aliyetoka kukuamkia hawezi dakika hiyo hiyo kukupinga. Mwenzangu mmoja aliyesomea Ulaya huwaambia wanafunzi wamwite kwa jina lake la kwanza. Wanaitikia ndiyo, kisha wanakaa kimya kama wanavyokaa kwangu.

Hapo nikamkumbuka babu yangu, muuza samaki wa Tanga, aliyekuwa hakosi darsa ya msikitini baina ya magharibi na isha. Watu walikaa mkekani kumzunguka mwalimu. Babu alimbusu mwalimu wake mkono, akakaa, akauliza. Akijibiwa anauliza tena. Siku nyingine, alivyokuwa akitusimulia, mwalimu alisema, hilo ngojeni nikaliangalie kitabuni, tutalizungumza kesho. Na kesho yake lilizungumzwa, muuza samaki akiwa mbele.

Heshima na swali vilikaa mkeka mmoja, na neno letu darasa lina asili moja na hiyo darsa. Shikamoo nikaiondolea lawama.

## Mia sita

Watu wengi hapa wangetaja idadi, na sitaki kuidharau. Katika darasa langu ninalijua jina la CR, mwakilishi wa darasa. Tangazo nampa CR, CR analiweka kwenye kundi la WhatsApp, na majibu yanarudi kwa CR. Waliobaki nakutana nao kama namba za usajili kwenye rundo la karatasi za mtihani. Semina za watu thelathini zipo kwenye ratiba, ila wasaidizi wa kuziendesha ni wawili.

Sisi walimu nasi hatukutani. Semina ya idara ilipofanyika mara ya mwisho tulikuwa sita, na mmoja wetu alikuwa mtoa mada. Wengine walikuwa barabarani kwenda kufundisha kwa muda vyuo vingine, kwa sababu ada za watoto haziwezi kungoja. Ukifika wakati wa kupandishwa cheo zinahesabiwa makala. Saa ulizokaa na mwanafunzi mkibishana hazina safu kwenye fomu.

Tukilalamika hivi, mtu hakosi kuikumbuka Mlimani ya zamani. Ilianza Oktoba 1961 na darasa moja la sheria, wanafunzi hawafiki kumi na watano, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kuhamia kilimani ilikuwa 1964. Ukiwa na wanafunzi hao utamjua hadi anayechelewa kwa sababu ya basi.

Lakini vijana wa kimbweta cha nne hawakuwa mia sita. Walikuwa sita.

## Nilipokwenda kukaa

Wiki ya tatu nikaenda kwa makusudi. Nilinunua karanga na chupa ya chai ya tangawizi, nikafika, nikaomba nafasi.

Nafasi nikapewa. Mmoja akafuta zege kwa karatasi laini, mwingine akakunja sweta lake nikalie. Madaftari yakafunguliwa ghafla. Nikauliza lile swali lao, nini kilitangulia, na kijana aliyekuwa ameliuliza kwa moto wote ule akanijibu kwa Kiingereza, akiorodhesha: sababu za kiuchumi, za kijamii, za kisiasa. Sababu tano, kama zilivyo kwenye slaidi zangu. Alikuwa ananirudishia desa langu mwenyewe.

Tulikaa nusu saa hivyo. Karanga hazikuguswa.

Mwishowe binti mmoja, ambaye darasani hukaa mstari wa mbele upande wa dirishani, akafunga daftari.

"Madam, naomba niseme kitu, usinielewe vibaya."

"Sema mwanangu."

"Sisi hapa mtu akikosea, wenzake wanamcheka, yanaisha. Wewe ukisikia tumekosea, kuna maksi za kosiweki, kuna mtihani wa UE. Sasa wewe ukikosea, nani anakukata maksi?"

Maneno ya kumjibu nilikuwa nayo. Ningeweza kusema mimi si mtu wa hivyo, sijawahi kumwonea mtu, muulizeni yeyote. Lakini hakuwa ananituhumu uonevu. Alikuwa ananionyesha tulivyokaa: mezani watu saba, na mmoja tu ndiye asiyekuwa na cha kupoteza.

Usiku ule aliyenyamaza kimbwetani ni mimi.

## Ukurasa ambao huwa nauruka

Siku chache baadaye nilikuwa maktaba nikitafuta jambo jingine kabisa. Mkutubi aliniletea kitabu cha Walter Rodney cha mwaka 1972, kile cha jinsi Ulaya ilivyoididimiza Afrika. Nakala yenyewe imechoka, mgongo umegandishwa kwa gundi ya karatasi. Nimekisoma tangu nikiwa mwaka wa pili, na kila mara naingia moja kwa moja sura ya kwanza. Siku hiyo nikasoma dibaji.

Rodney anawashukuru kwa majina Karim Hirji na Henry Mapolu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliousoma mswada wake na kuukosoa. Kisha anakataa jambo ambalo waandishi karibu wote tunalifanya. Hasemi kwamba makosa yaliyobaki ni yake peke yake. Anasema wajibu katika kazi ya namna hii ni wa pamoja, hasa ule wa kurekebisha kasoro.

Nikaisoma mara tatu, nimesimama.

Hirji na Mapolu walikuwa wamesoma pale pale. Wao na Zakia Meghji walikuwa wahariri wa Cheche, jarida la wanafunzi lililoanza 1969 na kupigwa marufuku na serikali Novemba 1970. Rodney alikuwa mhadhiri wa historia. Alikuja mara ya kwanza 1966, akarudi 1969, akakaa hadi 1974. Alikuwa na sababu zote za kumaliza kitabu chake ofisini na kuwaita vijana siku ya uzinduzi wapige makofi.

Aliwapa kikiwa bado mswada.

Sitaki kuifanya Mlimani ya miaka ile kuwa pepo. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na mamia yao wakarudishwa makwao. Cheche lenyewe, pamoja na jina lake la Kiswahili, kurasa zake nyingi zilikuwa za Kiingereza, kwa hiyo ule mlango mmoja niliousema ulikuwepo tangu hapo. Nilichokichukua kwenye dibaji ile ni kitendo kimoja: mhadhiri anamkabidhi kijana kazi yake ikiwa mbichi, ikiwa bado neno la kijana linaweza kuigeuza.

Mimi nilikuwa nawapa kilichoiva. Slaidi zimekamilika, hoja zimepangwa, sababu tano. Mtu utamuuliza nini juu ya chakula kilichokwisha kupakuliwa?

## Nami nilikatwa maksi

Kwenye droo yangu kulikuwa na makala iliyorudishwa na jarida moja, pamoja na ripoti za wasomaji wawili wasiotajwa majina. Ilikuwa inahusu vijiji hivyo hivyo. Mmoja wa wasomaji alikuwa mkali. Aliandika kwamba mwandishi anawasimulia watu kama mafaili yanavyowasimulia. Niliisoma mara moja, nikaifungia, na kwa miezi minne sikumwambia mtu.

Alhamisi iliyofuata nikapita steshenari, nikatoa nakala saba. Kimbwetani nikaweka ripoti ile kali juu kabisa.

"Juzi mliniuliza nani ananikata maksi," nikasema. "Huyu hapa. Someni alichoandika, kisha mniambie kama amenionea."

Walisoma kimya muda mrefu. Nilikuwa natoka jasho la mikono, jambo ambalo halinipati mbele ya watu mia sita.

Kijana wa Dodoma ndiye aliyeanza. Katika makala nilikuwa nimetumia neno la Kiingereza la kiofisi, lile lililojaa kwenye ripoti za wakati ule, lenye maana ya watu kupatiwa makazi mapya. Alikuwa ameweka kidole juu yake.

"Madam, bibi yangu hasemi hivi. Hata tulihamia hasemi. Anasema tulisombwa."

"Kinachosombwa si mchanga?" mwenzake akauliza.

"Na maji."

"Na matofali."

Binti wa mstari wa mbele akawa anahesabu kwa vidole. "Aliyehama alitembea mwenyewe. Aliyehamishwa kuna aliyemwamuru. Aliyesombwa ni mzigo."

"Msiwasombe wote," akadakia mwingine, na sasa sauti ilikuwa ile ya usiku wa kwanza. "Babu yangu alihama mwenyewe, mapema, akachagua kiwanja kizuri, akawa balozi wa nyumba kumi. Ukimwambia alisombwa mtagombana."

"Kwa hiyo kijiji kimoja kina waliohama na waliosombwa?"

"Na wanasalimiana mpaka leo."

Nikachukua kalamu. Agizo la Novemba 1973, kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kuishi katika vijiji iwe ni lazima, nimeliandika mara nyingi kiasi kwamba silitafuti tena kitabuni. Vitenzi vile vitatu sikuwa navyo. Ni vya lugha yangu ya kuzaliwa, na nilikuwa nimeandika kurasa ishirini na nne bila kuvihitaji, kwa sababu nilikuwa nikifikiri kwa lugha ya mafaili.

Saa nne mlinzi akaja kuzima taa, kama kawaida. Ni mzee, anakaribia kustaafu, na kwa miaka yote aliyokaa getini nilikuwa sijavuka habari za kazi na usiku mwema. Safari hii hakuzima. Alisimama nje kidogo ya mwanga, akisikiliza. Yule kijana aliyeuliza juu ya malori akamgeukia.

"Shikamoo mzee. Kwenu mlihamishwa?"

"Marahaba. Nilikuwa darasa la pili. Mahindi yalikuwa yameshabeba, tukayaacha."

"Sasa mzee, kilichotangulia kufika ni nini, shule au malori?"

"Malori," akasema. "Shule tulijenga wenyewe, mwaka uliofuata. Nimebeba matofali yake kichwani."

Akangoja kidogo, akaona hakuna mwenye neno, akaenda kuzima taa.

## Ambayo sijayamaliza

Nina hofu na jambo hili, na nitayasema yale yanayonisumbua.

Kimbweta ni chao. Walikuwa na mahali ambapo mtu anaweza kukosea bila kuonwa na mwenye kalamu nyekundu, na mimi nimejipenyeza. Nikiwa pale kila siku nitakigeuza tawi la ofisi yangu. Tukakubaliana Alhamisi tu. Siku nyingine napita, nasalimu, nakwenda zangu, hata nikisikia jambo linalonichoma ulimi. Kuna jioni moja nilisikia mtu anachanganya Azimio la Arusha na sheria ya vijiji ya 1975, nikaendelea kutembea. Kesho yake wenzake walikuwa wameshamsahihisha.

Mwenzangu mmoja wa idara aliniambia, bila kuzunguka, kwamba najitengenezea vipenzi. Kimbweta kinabeba watu wanane, darasa lina mia sita, na hao wanane ndio nitakaowaandikia barua za utambulisho wakitafuta udhamini. Sikupata jibu la kumridhisha, maana ana haki. Nilichoweza ni kumwomba mwenzangu mwingine asahihishe karatasi za UE za wale wanaokuja Alhamisi, na kumwambia CR atangaze kwamba mahali pale papo wazi kwa wote. Wiki hii walikuja kumi na wanne. Wengine walisimama.

Darasani nimekata dakika kumi na tano za mwisho. Naweka kwenye ukuta aya moja ya kitu ninachokiandika, yenye tatizo ambalo mimi mwenyewe sijalitatua, na ninawaambia wabishane na jirani kwa lugha yoyote, kisha mwenye neno aseme kwa lugha aliyobishania. Siku ya kwanza ukumbi ulilipuka kwa kelele, mpaka mhudumu akachungulia mlangoni kuona kama kuna fujo. Mikono kumi na moja ilinyooshwa. Kati ya mia sita, kumi na moja. Nilifurahi njia nzima, na nilipofika nyumbani nikaanza kuwafikiria wale wengine.

Na mkutubi, yule aliyenipa kitabu, aliposikia tunachofanya alikuja Alhamisi moja na ramani ya zamani ya wilaya, ameikunja ndani ya bahasha ya kaki. Hakuna aliyemwagiza. Ana kazi yake humu chuoni miaka mingi, na alisema hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kumwuliza yeye anaonaje.

## Sauti ya kutoka Dodoma

Makala nimeiandika upya mara mbili. Kijana wa Dodoma aliibeba nakala alipokwenda nyumbani likizo, akamsomea bibi yake kipande kinachomhusu, akikifasiri papo hapo. Alirekodi kwa simu, na aliporudi alikuja nayo.

Tuliiweka simu katikati ya meza, tukaongeza sauti. Kuku wanasikika, na mtoto analia mbali. Kisha bibi:

"Huyo mwalimu wako ni mama au baba?"

"Ni mama, bibi."

"Mwambie ameandika vizuri. Lakini mwambie hatukusombwa mara moja. Tulisombwa mara mbili. Pale pa kwanza hapakuwa na maji."

Rekodi ikaisha.

"Ya kwanza ilikuwa mwaka gani?" akauliza binti wa mstari wa mbele.

Kijana akatikisa kichwa. "Hilo sikumuuliza."

"Mpigie."